Rangi Hubadilika, Kikapu ni Kile Kile

Msomaji mpenzi, ukiketi na wanao mbele ya televisheni kutazama mechi ya mpira wa vikapu ya ligi ya Marekani, ile ijulikanayo kama NBA, huenda ukamsikia mmoja wao akisema kwa yakini, "Huu ni mchezo wa watu Weusi." Nawe ukitupa jicho uwanjani utamkubalia. Katika miaka ya hivi karibuni, takriban wachezaji saba kwa kila kumi wa ligi hiyo wamekuwa Weusi, ilhali miongoni mwa raia wote wa Marekani, Weusi hawafiki hata watu 15 katika kila 100.

Hapo ndipo maneno huanza kuteleza. Mwingine ataongeza kuwa Mweusi ameumbiwa kuruka, eti ni mambo ya damu. Mzungu naye, ataambiwa, ameumbiwa kuogelea na kuteleza juu ya theluji. Haya husemwa sebuleni bila nia mbaya, chai ikinywewa. Lakini mtoto asikilizaye huyaweka akiba moyoni, na siku moja atayatumia kujipima yeye mwenyewe. Kwa hivyo juma hili nakuomba tulitazame jambo hili kwa utaratibu. Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hebu tuone huu mchezo umeundwa na nani, na lini.

Mwanzo wake unajulikana. Mnamo Desemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada aitwaye James Naismith alitakiwa kuwabunia wanafunzi wake mchezo wa kuchezwa ndani ya jumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya kutilia matunda, akaandika sheria 13, akawagawa vijana wake 18 katika timu mbili. Mchezo ukaenezwa kote nchini na vyama vya vijana vya YMCA, ambavyo siku hizo, katika sehemu nyingi za Marekani, viliwatenga Weusi na Wazungu. Ilibidi mwalimu Mweusi, Edwin Henderson, aujifunze mchezo huo katika masomo ya likizo kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, kisha mwaka wa 1904 aupeleke katika shule za watoto Weusi mjini Washington.

Sasa basi, msomaji, kama ungelizaliwa miaka ya ishirini au ya thelathini katika mji wa New York au Philadelphia, na mtu akakuuliza mpira wa vikapu ni mchezo wa nani, hungelitaja Weusi. Ungelijibu bila kusita: ni mchezo wa Wayahudi.

Usishangae. Familia nyingi za Kiyahudi zilikuwa zimehamia Marekani kutoka Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki, zikasongamana katika vyumba vya kupanga vya mitaa ya kimaskini. Hapakuwa na nafasi ya viwanja vikubwa vyenye nyasi. Lakini mpira mmoja na kikapu kimoja viliwatosha vijana kumi, tena katika vituo vya kijamii vya mitaa hiyo walikuwako walimu wa kuwafunza. Kule Philadelphia ikatokea timu iliyoitwa SPHAs, ambayo wachezaji wake walivaa jezi zenye herufi za Kiebrania kifuani. Jumamosi usiku walikuwa wakicheza katika ukumbi wa hoteli, na mechi ikiisha, viti vinaondolewa na muziki wa dansi unaanza. Vijana wengi walioana baada ya kukutana pale.

Ligi ambayo baadaye ilikuja kuitwa NBA ilipoanza, tarehe 1 Novemba 1946, mechi ya kwanza ilichezwa Toronto. Aliyetia kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya ligi hiyo alikuwa Ossie Schectman wa New York Knicks, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Urusi. Knicks walishinda kwa pointi 68 kwa 66.

Na wataalamu wa siku hizo walilielezaje jambo hili? Walisema ni damu! Mwandishi mashuhuri wa michezo wa New York, Paul Gallico, aliandika katika miaka ya thelathini kuwa mchezo huu unamfaa Myahudi kwa sababu ya akili yake ya hila na ujanja. Wapo hata waliodai kuwa ufupi humfanya mtu asimame imara na kukimbia upesi zaidi. Leo ukimwambia kijana wa kidato cha pili kwamba ufupi ni neema katika mpira wa vikapu atacheka hadi machozi yamtoke. Lakini maneno hayo yaliandikwa na watu wenye elimu zao, na wasomaji wakayameza.

Basi Wayahudi walikwenda wapi? Damu yao haikubadilika. Kilichobadilika ni anwani zao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi walipata elimu ya juu na kazi nzuri, wakahama mitaa ile na kwenda kuishi viungani mwa miji. Watoto wao wakawa na njia nyingi za kujitafutia riziki. Mahali pao katika mitaa ya mijini, pamoja na vikapu vilivyotundikwa huko, wakapachukua watu waliokuwa wakifika kwa mamilioni kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini na ubaguzi. Hao walikuwa Wamarekani Weusi.

Tusidhani kuwa Weusi walikuwa hawajui mchezo kabla ya hapo. La hasha! Mtaani Harlem, mjini New York, Robert Douglas, mzaliwa wa kisiwa cha St. Kitts, aliunda timu ya Weusi mwaka wa 1923, ikaitwa New York Renaissance, au kwa ufupi Rens. Kwa kuwa ligi za Wazungu hazikuwataka, walizunguka nchi nzima kwa basi wakicheza na yeyote aliyekubali kucheza nao. Mara nyingi walishinda mechi jioni kisha wakakosa hoteli ya kuwalaza. Mwaka wa 1939, katika mashindano ya ubingwa wa timu za kulipwa yaliyofanyika Chicago, waliwashinda Oshkosh All-Stars katika fainali. Mwaka uliofuata ubingwa huo ukachukuliwa na timu nyingine ya Weusi, Harlem Globetrotters. Nao hao Globetrotters, mwaka wa 1948, waliwalaza Minneapolis Lakers, waliokuwa miongoni mwa vigogo wa Wazungu, kwa pointi 61 kwa 59.

Kwa hivyo uwezo ulikuwapo tangu hapo, ila mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Komeo hilo lilianza kulegea mwaka wa 1950. Boston Celtics walimteua Chuck Cooper. Inasimuliwa kuwa mwenye timu, Walter Brown, alipokumbushwa kuwa kijana huyo ni Mweusi, alijibu kwamba hata angekuwa na mistari au madoadoa, yeye hajali. New York Knicks wakamchukua Nat Clifton, naye Earl Lloyd akachukuliwa na Washington Capitols. Ratiba ilivyokuwa, Lloyd ndiye aliyetangulia kuingia uwanjani, mjini Rochester, tarehe 31 Oktoba 1950. Cooper alimfuata siku iliyofuata, naye Clifton siku chache baadaye.

Tafadhali usifikiri kuwa mambo yalinyooka papo hapo. Lloyd alisimulia kuwa hoteli moja katika mji wa Fort Wayne ilimruhusu kulala lakini ikamkataza kula katika ukumbi wa chakula pamoja na wageni wengine. Kocha wake Mzungu, Bones McKinney, aliagiza chakula chake mwenyewe akaenda kula naye chumbani. Ni jambo dogo, lakini mwenye kutengwa mezani hamsahau aliyekuja kuketi naye.

Aidha, kwa miaka mingi baada ya hapo kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Timu zingekubali Mweusi mmoja, wawili, pengine watatu, basi. Wenye timu waliogopa kuwa watazamaji Wazungu wangesusa kununua tikiti. Nazo nafasi zilikuwa chache, kwani mwaka wa 1960 ligi nzima ilikuwa na timu nane tu. Mweusi aliyetaka kuingia ilimpasa awe bora zaidi ya Mzungu aliyekuwa akikaa kwenye benchi.

Aliyeiyeyusha desturi hiyo kuliko wengine wote ni Bill Russell, aliyejiunga na Boston Celtics mwaka wa 1956. Katika misimu 13 alichukua ubingwa mara 11. Lakini mwaka wa 1961, Celtics walipokwenda Lexington, jimbo la Kentucky, kwa mechi ya kirafiki, wachezaji wake Weusi walinyimwa huduma katika mkahawa wa hoteli kwa sababu ya rangi yao. Russell na wenzake walifungasha mizigo wakarudi nyumbani bila kucheza. Kocha wao, Red Auerbach, hakuacha kuwategemea. Mnamo Desemba 26, 1964, Celtics waliteremsha uwanjani wachezaji watano wa kuanza mechi ambao wote walikuwa Weusi, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika ligi hiyo. Mwaka wa 1966 Russell mwenyewe akafanywa kocha, Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA, na akatwaa ubingwa wa 1968 na wa 1969 akiwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo wa 1966, katika fainali ya vyuo vikuu, chuo cha Texas Western, kilichoanza na vijana watano Weusi, kilikishinda chuo cha Kentucky, ambacho wachezaji wake wote walikuwa Wazungu, kwa pointi 72 kwa 65. Baada ya hapo hata makocha wa vyuo vya kusini walianza kubisha hodi katika nyumba za Weusi wakitafuta vijana wa kuwapa nafasi za masomo. Timu za kulipwa nazo zikaongezeka. Msimu wa 1979-80, New York Knicks walikuwa na kikosi kizima cha Weusi watupu, wa kwanza wa namna hiyo katika ligi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini, karibu wachezaji watatu kwa kila wanne walikuwa Weusi.

Hebu piga hesabu, msomaji. Kutoka wachache mwaka wa 1950 hadi robo tatu ya ligi nzima ni miaka thelathini tu. Mifupa ya binadamu haibadiliki kwa miaka thelathini, lakini sheria, makazi na mazoea ya watu hubadilika. Ni kweli kuwa maumbile yana sehemu yake, maana mtu wa futi saba ana faida ambayo wewe nami hatuna. Lakini warefu wamo katika kila taifa, na urefu peke yake haumfundishi mtu kulenga kikapu.

Isitoshe, kila sifa ya damu ilikuja na tusi limefichwa ndani yake. Myahudi alisifiwa akili ili aitwe mjanja. Mweusi alisifiwa misuli ili asemekane hana akili ya kuongoza. Sifa kama hiyo, msomaji, humfungia mtu nje ya kazi nyingine zote.

Wapo watakaouliza, je, Wazungu wamekwisha? Larry Bird, aliyeingia ligi mwaka wa 1979 pamoja na Magic Johnson, alikuwa Mzungu kutoka French Lick, mji mdogo katika jimbo la Indiana, mwana wa familia yenye dhiki kubwa. Huko Indiana kikapu kimetundikwa karibu kila ua, na shule huuheshimu mchezo kama sisi tunavyoheshimu kabumbu. Bird aliipa Boston ubingwa mara tatu, mwaka wa 1981, 1984 na 1986. Hali iliyomlea ilifanana na ya vijana wa Harlem na wale wa Philadelphia, kwani alikuwa na umaskini, kikapu karibu na nyumbani, na watu wazima waliojali.

Kisha mlango mwingine ukafunguka. Mwaka wa 1989 walifika Vlade Divac na Dražen Petrović kutoka Yugoslavia, pamoja na Šarūnas Marčiulionis kutoka Lithuania. Mwaka wa 1992 wachezaji wa NBA, akina Michael Jordan, Magic na Bird, walikwenda kwenye Olimpiki za Barcelona, na watoto wa dunia nzima wakawaona. Ulaya ilikuwa na klabu zinazomchukua mtoto angali mdogo na kumfunza kutoa pasi, kulenga na kusoma mchezo. Matunda yakaiva. Mjerumani Dirk Nowitzki alikuwa Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kutuzwa Mchezaji Bora wa Msimu, mwaka wa 2007. Mserbia Nikola Jokić, ambaye mwaka wa 2014 timu zilichagua vijana 40 kabla ya kumfikia yeye, ametuzwa mwaka wa 2021, 2022 na 2024, na akaipa Denver ubingwa mwaka wa 2023. Tena si hodari wa kuruka.

Msimu wa 2023-24 ulipoanza, ligi ilikuwa na wachezaji 125 waliotoka nje ya Marekani, kutoka nchi 40. Tangu mwaka wa 2019 hadi 2025, tuzo ya Mchezaji Bora haikumwendea mzaliwa wa Marekani hata mara moja. Mmoja wa waliotuzwa, Giannis Antetokounmpo, ni Mweusi aliyezaliwa Ugiriki na wazazi kutoka Nigeria, na utotoni alichuuza saa na miwani katika barabara za Athens. Sasa huyo utamweka katika fungu gani, la Weusi wanaoruka au la Wazungu wa Ulaya wanaosoma mchezo?

Afrika nayo imo. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa akicheza kandanda na mpira wa mikono, na alikuwa tayari tineja alipoanza mpira wa vikapu. Mwaka wa 1984 alikuwa chaguo la kwanza katika uteuzi wa chipukizi, mbele ya Michael Jordan. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka wa 1987 kwa ufadhili wa masomo, nia yake akiwa daktari. Aliishia kuwa nyota, lakini alihitimu pia shahada yake, na mwaka wa 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Alifariki mwaka wa 2024. Bismack Biyombo naye alitoka Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na barabarani, akaingia NBA mwaka wa 2011.

Hata hivyo, tusishangilie kabla ya kutazama ofisini. Uwanjani Weusi wamejaa kwa miongo mingi, lakini Mweusi wa kwanza kumiliki sehemu kubwa ya timu ya NBA, Robert Johnson, alipewa nafasi hiyo mwishoni mwa mwaka wa 2002. Michael Jordan akaichukua timu hiyo ya Charlotte mwaka wa 2010, na alipouza mwaka wa 2023, ligi yenye timu 30 ilibaki bila mmiliki mkuu Mweusi hata mmoja. Utaona basi kuwa mlango wa ofisi ni mzito kuliko ule wa uwanja.

Lakini nao husukumwa. Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya, alianza kwa kuwatafutia wenye timu wachezaji bila kulipwa mshahara. Hakuwahi kuwa nyota wa NBA. Mwaka wa 2010 alikabidhiwa usimamizi wa Denver Nuggets, kisha akaiongoza Toronto Raptors tangu 2013 hadi 2025, ikatwaa ubingwa mwaka wa 2019. Huyo ni wetu nusu, na hakufika pale kwa kuruka.

Mzazi mwenzangu, nadhani sasa unaona kwa nini maneno ya sebuleni yana uzito. Timu 30 zenye wachezaji 15 kila moja ni nafasi 450 tu kwa dunia nzima. Wako watoto Weusi huko Marekani walioambiwa mpira ndio kipaji chao cha kuzaliwa, wakaacha vitabu, na nafasi hizo wasizipate. Na sisi hapa nyumbani tunayo maneno kama hayo. Utamsikia mtu akisema jamii fulani imeumbiwa kukimbia, nyingine biashara, nyingine vitabu, nyingine kuimba. Mtoto wa kike huambiwa hesabu ni za wavulana. Ukimwambia hayo leo, kesho hatajaribu, na kesho kutwa utamwonyesha mwenzako alama zake kama ushahidi kuwa ulisema kweli.

Nawe mwanafunzi, ukisikia fulani ni hodari kwa sababu ya kabila au rangi yake, uliza maswali matatu. Ni nani aliyemfundisha? Alifanyia mazoezi wapi? Ni nani aliyemfungulia mlango? Ukipata majibu, nusu ya ule muujiza utakuwa umeuelewa, na nusu iliyobaki utaikuta katika jasho lake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi Jumapili hii, kabla ya kumwambia mwanao ameumbiwa nini, mpe kwanza nafasi ya kujaribu. Hadi juma lijalo, nakutakia mapumziko mema na familia yako.